Sekunde Nne za Sanremo

Mwezi Oktoba 1976, kwenye milima iliyo nyuma ya mji wa Sanremo nchini Italia, gari la Lancia Stratos lilisimama kwenye mstari wa kuanzia mkondo wa mwisho wa mashindano. Muda wake wa kuondoka ukafika, na gari halikuondoka. Injini inanguruma, usukani umeshikwa na Björn Waldegård, barabara mbele ni tupu. Sekunde ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu pia. Ya nne ilipokwisha ndipo gari likafyatuka.

Gari lile halikuwa na hitilafu. Kabla ya mkondo huo Waldegård, raia wa Sweden, alikuwa akiongoza kwa sekunde nne mbele ya Sandro Munari, Mwitaliano aliyekuwa mwenzake katika timu ileile ya Lancia. Mkuu wa timu, Cesare Fiorio, aliamua kwamba wawili hao waingie mkondo wa mwisho wakiwa sawasawa. Njia ya kuwasawazisha ilikuwa moja tu: Msweden asimame mstarini mpaka akiba yake iishe. Waldegård alitii. Kisha akaendesha kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe, na mwisho wa mkondo alikuwa amemshinda Munari kwa sekunde nne zilezile. Kombe likawa lake. Muda mfupi baadaye aliihama Lancia akaenda Ford.

Kisa hicho kina mwisho wake mwingine, na mwisho huo uko Kenya. Kwanza, hata hivyo, inafaa kueleza kwa nini sekunde nne za kusimama zinaweza kumuuma shabiki kuliko dakika nne za pancha.

Rali si mbio za uwanjani. Uwanjani magari huondoka kwa pamoja, na macho ya mtazamaji yanatosha kumwambia nani yuko mbele. Katika rali kila gari huondoka peke yake, dakika kadhaa baada ya lililotangulia, na kushindana na saa. Aliyepanda kichuguu kando ya njia ya Kedong au Soysambu, nchini Kenya, huliona gari kwa sekunde chache tu. Linaruka, linapotea, linabaki vumbi. Hajui nani anaongoza mpaka muda utangazwe. Raha yake yote imesimama juu ya imani moja: kwamba kila dereva aliyepita pale alikuwa akitoa kila alichonacho, na kwamba muda atakaotangaziwa baadaye ni muda wa kweli.

Amri ya timu inaigusa imani hiyo. Mpigaji penalti akipaisha mpira makusudi, uwanja mzima utamzomea palepale. Dereva wa rali akiinua mguu kidogo kwenye pedeli ya mafuta katikati ya msitu, anayejua ni yeye na mwelekezi aliyeketi kando yake.

Timu nazo zina hoja, wala si nyepesi. Kiwanda ndicho kinacholipa mishahara, makanika, matairi na, enzi za Safari Rally ya zamani, hata helikopta za kuangalia njia mbele ya magari. Kinachokisaidia kiwanda kuuza magari ni ubingwa, na ubingwa unaweza kutegemea nafasi moja katika shindano moja. Mwaka 1979 ubingwa wa kwanza wa dunia wa madereva ulikwenda kwa Waldegård huyohuyo, kwa pointi 112 dhidi ya 111 za Hannu Mikkola wa Finland. Miaka thelathini baadaye Sébastien Loeb wa Ufaransa alimaliza msimu na pointi 93, Mikko Hirvonen 92. Meneja anayeona magari yake mawili yakifukuzana katika nafasi ya kwanza na ya pili, hali la tatu liko mbali nyuma, anajua kwamba kona moja mbaya inaweza kuyatia yote mawili mtaroni. Akiwaambia madereva watulie, analinda mali yake.

Tatizo ni kwamba mchezo huu hauna mwenye mali mmoja.

Afrika Mashariki ilikua na rali ya namna nyingine kabisa. Mwaka 1953 mashindano ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally yalianzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakazoeleka kama shughuli ya Pasaka. Madereva walikwenda maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kwenye barabara ambazo mabasi na mifugo vilikuwa vikizitumia vilevile. Adhabu ilihesabiwa kwa dakika za kuchelewa kwenye vituo, na waliofanikiwa kufika mwisho walikuwa wachache. Mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyomaliza. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena.

Katika hali hiyo amri ya timu ilikuwa na nafasi ndogo. Meneja angeweza kupanga lolote usiku akiwa Nairobi, lakini mto ukifurika asubuhi, mpango wake ulikwenda na maji. Amri hustawi pale ambapo tofauti ni ya sekunde. Safari ilizoea tofauti za dakika nyingi, wakati mwingine za saa nzima. Ndiyo maana mashabiki wa hapa, waliokuwa wakifuatilia matokeo redioni kituo kwa kituo, walizoea kuamini kwamba aliyeshinda Safari ameshinda kweli.

Mfano bora zaidi ni wa 1973, mwaka ambao Ubingwa wa Dunia wa Rali ulifanyika kwa mara ya kwanza na Safari ikiwa mojawapo ya duru zake. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilihamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, aliendesha Datsun 240Z. Harry Källström wa Sweden aliendesha Datsun 1800 SSS ya kiwanda hichohicho. Baada ya siku zote zile za matope na vumbi, wawili hao walifika mwisho wakiwa na adhabu zinazolingana kabisa. Kiwanda kimoja, magari mawili, alama sawa. Kilichoamua ni kanuni iliyokuwa imeandikwa kabla hata ya gari la kwanza kuondoka: ushindi ni wa aliyekwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Mehta ndiye aliyefika mbali zaidi, na ndiye aliyepewa kombe.

Baadaye alilichukua tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na katika miaka ambayo Safari imekuwa duru ya ubingwa wa dunia hakuna aliyefikia ushindi wake mara tano. Katika miwili kati ya hiyo, 1980 na 1981, aliyekuwa nyuma yake ni Rauno Aaltonen wa Finland, naye pia akiwa kwenye Datsun. Aaltonen aliijia Safari mwaka baada ya mwaka, akawa wa pili mara nyingi, na hakuishinda kamwe. Ni moja ya hadithi za kusikitisha kabisa za mchezo huu, lakini hakuna mtu anayeisimulia kwa hasira.

Sasa turudi kwa Waldegård. Lancia ilikuwa na ndoto ya kuishinda Safari kwa Stratos, gari fupi lenye injini ya Ferrari lililotengenezwa mahususi kwa mashindano. Mwaka 1975 Munari alimaliza wa pili na Waldegård wa tatu, nyuma ya Ove Andersson aliyekuwa na Peugeot 504, gari ambalo kila mtu wa Nairobi alilijua kwa kubeba abiria. Safari ya 1977 ilipofika, miezi michache tu baada ya Sanremo, Waldegård alikuja Kenya na Ford Escort RS1800. Munari alikuja na Stratos. Mvua ilinyesha, njia zikageuka uji, na Waldegård akashinda. Aaltonen alikuwa wa pili, Munari wa tatu. Waldegård aliishinda Safari mara tatu zaidi, 1984, 1986 na 1990, zote akiwa na Toyota. Lancia ilisubiri mpaka 1988, kwa gari jingine na dereva mwingine, Miki Biasion, ndipo ikapata ushindi wake wa kwanza hapa. Sekunde nne za Sanremo zilimgharimu Fiorio dereva, na Lancia ililiona pengo lake kwenye matope ya Kenya.

Mwaka 1989 amri ya timu ilichukua sura ya sarafu. Katika mbio za Paris–Dakar, Peugeot ilikuwa na magari mawili ya 405 mbele kabisa, moja la Ari Vatanen wa Finland, jingine la Jacky Ickx wa Ubelgiji. Walikuwa wakifukuzana jangwani kwa kasi ya kutisha, na mkuu wa timu, Jean Todt, aliogopa kuwapoteza wote wawili. Akatoa sarafu ya faranga 10 na kuirusha. Ikamwangukia Vatanen, na Vatanen ndiye aliyeshinda Dakar ya mwaka ule. Walioteta wakati huo waliteta kwa haki. Madereva wawili wamevuka Sahara, halafu mshindi anatoka kwenye kiganja cha meneja! Sifa moja tu ya sarafu ile ni kwamba haikufichwa. Dunia nzima ilijua ilivyorushwa na kwa nini.

Vatanen alikuwa jina linalofahamika Kenya, maana aliishinda Safari ya 1983 akiwa na Opel Ascona 400. Mwaka 2009 yeye na Todt waligombea urais wa Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA. Todt akashinda.

Hata hivyo, anayetaka kuelewa amri za timu zinavyofanya kazi, na zinavyoharibu, hana budi kwenda Catalunya, Hispania, Oktoba 1995. Ilikuwa duru ya pili kutoka mwisho. Subaru ilikuwa na Carlos Sainz, Mhispania, bingwa wa dunia mara mbili, na Colin McRae, Mskoti wa miaka 27 aliyejulikana kwa kuendesha kama asiyejua neno breki. McRae alikuwa na pointi 55, Sainz 50. Magari ya Toyota yalikuwa yametoka nje ya ushindani, na baadaye timu hiyo ilifungiwa miezi kumi na miwili kwa ujanja uliofichwa kwenye kifaa cha kudhibiti hewa inayoingia kwenye injini. Subaru ikabaki na nafasi zote tatu za juu mkononi, ya tatu ikiwa ya Piero Liatti.

Mkuu wa timu, David Richards, aliagiza nafasi zibaki zilivyo: Sainz mbele, McRae nyuma. Richards alijua kiti cha ndani ya gari kilivyo. Mwaka 1981 alikuwa mwelekezi wa Vatanen walipotwaa ubingwa wa dunia. Na aliyekuwa mwelekezi wa gari lililoshika nafasi ya pili katika ubingwa wa mwaka huo, kando ya Guy Fréquelin, ni Jean Todt. Watu wawili waliotoa amri zinazokumbukwa sana katika historia ya rali walikuwa wamekaa miaka mingi kando ya dereva, wakimsomea kona. Walijua vizuri kabisa walichokuwa wakikidai.

McRae hakukubali. Katika mikondo ya mwisho aliendesha kwa kasi yake yote. Watu wa timu walisimama kando ya njia wakimpungia apunguze, naye akawapita. Alimaliza akiwa mbele ya Sainz, nyumbani kwa Sainz, mbele ya umati uliokuja kumshangilia Mhispania. Ndipo shinikizo la timu likawa zito, na McRae akalazimika kubeba adhabu ya dakika moja kwenye kituo cha muda. Matokeo rasmi yakatoka: Sainz wa kwanza, McRae wa pili.

Wapo wanaosema amri ile ndiyo iliyoutia ladha msimu, kwa sababu iliwafikisha wawili hao kwenye duru ya mwisho, RAC Rally ya Uingereza, wakiwa na pointi 70 kila mmoja. Hesabu haiwaungi mkono kama wanavyodhani. Ushindi ulikuwa na pointi 20 na nafasi ya pili 15. McRae angeachiwa alichokishinda Hispania, wangekwenda Uingereza akiwa na 75 na Sainz 65. Ubingwa ungekuwa bado haujaamuliwa, na Sainz angelazimika kushinda huku akimwombea mwenzake mabaya. Mchuano ungekuwapo. Kilichoongezwa na amri ni ule usawa wa mwisho, aliyeshinda achukue vyote, na usawa huo ulinunuliwa kwa dakika ambayo haikutokana na barabara.

Kilichoiokoa Subaru ni McRae mwenyewe. Katika misitu ya Uingereza alipata pancha, akapoteza muda mwingi, kisha akaanza kuurudisha mkondo baada ya mkondo mpaka akashinda kwa sekunde 36. Alikuwa raia wa kwanza wa Uingereza kuwa bingwa wa dunia wa madereva, na rekodi yake ya bingwa kijana kuliko wote ilidumu hadi 2022. Ukiwauliza wapenzi wa rali leo kuhusu 1995, watakusimulia RAC kwa furaha. Catalunya watakusimulia kwa sauti ya chini. Safari nayo ilimjua McRae vizuri: aliishinda 1997, 1999 na 2002.

Miaka minne baadaye timu hiyohiyo ilionja upande wa pili. Argentina, 1999, Subaru ilikuwa ya kwanza na ya pili kupitia Richard Burns na Juha Kankkunen. Burns alipunguza kasi akiamini nafasi zimeshafungwa. Kankkunen, bingwa wa dunia mara nne, aliendelea kukanyaga, akashinda kwa sekunde 2.4. Burns alikuwa na haki ya kukasirika, maana amri ambayo mmoja anaitii na mwingine anaipuuza ni mtego kwa yule mtiifu.

Ipo aina nyingine ya amri ambayo magazeti huizungumzia kidogo, na pengine ndiyo iliyowachosha mashabiki zaidi. Kwenye njia ya changarawe gari la kwanza hufagia kokoto, na wanaofuata hupata njia safi yenye kushika tairi. Kwa miaka mingi anayeongoza siku moja ndiye aliyefungua njia siku inayofuata, kwa hiyo timu zilianza kuwaagiza madereva wapunguze mwendo jioni ili wasilale wakiwa wa kwanza. Mtu anatembea kilomita kadhaa hadi porini, anasubiri saa nne, halafu dereva bora duniani anapita mbele yake akiwa anajichelewesha! Kanuni zilibadilishwa: sasa siku ya kwanza magari huondoka kwa msimamo wa ubingwa, na siku zinazofuata vinara wa shindano huondoka nyuma. Hilo ni badiliko la maana, kwani liliondoa faida ya kujichelewesha badala ya kupiga marufuku kitu kisichoweza kuthibitishwa.

Marufuku yenyewe ilijaribiwa kwingine. Katika Formula 1, baada ya Rubens Barrichello kuamriwa ampishe Michael Schumacher mita chache kabla ya kumaliza mbio za Austria za 2002, na umati kuzomea, amri za timu zilikatazwa. Ferrari ya wakati huo iliongozwa na Jean Todt. Katazo lilifutwa kuanzia msimu wa 2011, kwa sababu timu zilijifunza kuzungumza kwa mafumbo redioni. Kwenye rali, ambako gari liko peke yake msituni na dereva anaweza kuchelewa kituoni kwa kisingizio chochote, katazo kama hilo lingevunjika kwa urahisi zaidi.

Mwaka huo wa 2011 rali ilipata sehemu yake. Nchini Ujerumani, Citroën ilimtaka Sébastien Ogier, kijana wake, asimbughudhi Loeb. Loeb alipata pancha, Ogier akashinda, na mwisho wa mwaka akahamia Volkswagen. Huko alitwaa ubingwa wa dunia miaka minne mfululizo, 2013 hadi 2016. Citroën ililinda ubingwa wa msimu mmoja ikampoteza mtu wa kizazi kizima, kama Lancia ilivyompoteza Waldegård. Mwezi uliofuata ushindi wa Ujerumani, huko Australia, Jari-Matti Latvala aliachia ushindi uliokuwa mkononi mwake ili Hirvonen, mwenzake wa Ford, apate pointi za kumfukuza Loeb. Hirvonen alishinda Australia. Ubingwa ulikwenda kwa Loeb hata hivyo, kwa pointi 222 dhidi ya 214.

Safari ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 ikiwa na makao yake Naivasha. Ilirudi ikiwa fupi, na mikondo iliyofungwa kwa magari mengine, na kwa hiyo tofauti za sekunde ambazo Safari ya zamani haikuzijua. Mazingira ya amri yalikuwa yametimia. Mwaka 2022 Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza, kama ilivyofanya 1993. Mwaka 2023 ikazichukua tena, na safari hii mtihani ulikuwa wa wazi. Mbele alikuwa Ogier, ambaye hakuwa akishiriki msimu mzima na hakuwa na hesabu ya ubingwa. Nyuma yake, kwa sekunde chache, alikuwa Kalle Rovanperä, bingwa mtetezi aliyehitaji kila pointi. Mkuu wa timu alikuwa Latvala, yuleyule wa Australia.

Timu zinazokuja Naivasha zina deni kwa watu wanaolala kwenye mahema kando ya ziwa ili waone gari kwa sekunde tano: kama kuna amri, itangazwe kabla ya mkondo kuanza, isije kugunduliwa kwenye karatasi ya matokeo. Siku ya Jumapili, Juni 25, 2023, magari yalimaliza mkondo wa mwisho Hell's Gate na nafasi hazikubadilishwa. Ogier alishinda kwa sekunde 6.7, Rovanperä akawa wa pili, na mwisho wa mwaka Rovanperä akawa bingwa wa dunia kwa mara ya pili.